Mpaka Ukaguzi Ujao

Huku kwetu bondeni mzee haachi kuendesha gari kwa sababu macho yamechoka, wala kwa sababu amegonga ukuta wa jirani. Anaacha ukaguzi wa gari unapofika. Watoto wanakuja kutoka mijini, wanakunywa chai, wanazungumzia theluji ya mwaka jana, halafu mkubwa wao anakohoa kidogo na kusema, "Baba, basi iwe mpaka ukaguzi ujao." Mzee anakubali. Ukaguzi ni kila baada ya miaka miwili, na ukiwa na umri wetu miaka miwili unaiona mingi. Kumbe hata matairi ya theluji hujayabadilisha vizuri, imekwisha.

Mimi nilikubali nikiwa na miaka sabini na tisa. Binti yangu Chisato aliandika masharti nyuma ya karatasi ya kalenda kwa kalamu nyekundu: gari likipita ukaguzi wa Novemba, Baba ataendesha miaka miwili mingine, lisipopita, Baba atarudisha leseni polisi. Nikaandika jina langu, Toyozo Nukada, nikagonga na muhuri kabisa, kwa mbwembwe. Niliendesha malori ya magogo miaka thelathini na minne kwenye milima hii, gari dogo la kibao cha namba cha njano lingenitisha nini? Tena nilikuwa na kauli yangu, niliyoirudia kwenye kila harusi na kila msiba mpaka watu wakanichoka. Siku taa ya onyo itakapowaka kwenye dashibodi yangu, nilikuwa nasema, siku hiyo hiyo naweka ufunguo chini. Dereva anayengoja taa imwambie gari lake linaumwa huyo si dereva, ni abiria aliyekaa kiti cha mbele.

Watu walicheka. Mke wangu Fumie hakucheka, lakini Fumie hakuwa mtu wa kucheka kwenye misiba.

Leseni yenyewe haikuwa na maana kwangu. Nilichotaka ni kuvuka mlima kila Jumanne na kila Ijumaa, basi. Huu ni mwaka wa tatu Fumie yuko kwenye nyumba ya wazee upande wa pili, kilomita thelathini na nane. Basi lilifutwa mwezi Aprili. Teksi ya bonde ni moja, na dereva wake amenizidi miaka miwili. Nimeomba chumba pale nikakae naye. Mbele yangu kwenye orodha wapo watu arobaini na mmoja, na orodha hiyo haisogei mpaka mtu afe.

Fumie hanijui tena. Siku nyingine mimi ni daktari, siku nyingine ni mwalimu wake wa darasa la tatu, na siku mbaya ni mwizi. Lakini ndani ya gari letu anakula. Kwenye ukumbi wa chakula anafunga kinywa, hata ufanye nini. Nikimkalisha kiti chake cha kushoto, nikawasha hita, nikamkwaruzia tufaha kwenye kibao chenye meno, analimaliza lote na maji yake. Muuguzi wao mkuu, mama mmoja mnene anayeitwa Sugae, aliniambia mwezi wa tisa, "Babu, hizi siku zako mbili ndizo zinazomweka. Siku nyingine tunambembeleza tu." Alitaka kunitia moyo. Mimi niliondoka pale nikizihesabu zile siku tano nyingine.

Sasa ukaguzi. Miaka yote gari langu lilikaguliwa na fundi Sawaguchi, wa gereji ya darajani. Alikuwa na kibali cha kukagua mwenyewe. Alilichukua asubuhi, akalirudisha jioni limeoshwa, stika mpya kwenye kioo, na mimi nikamtolea matufaha ya kwenye kikapu. Sikuwahi kumuuliza alichofanya. Julai alifunga gereji, magoti yamekufa, na hakuna mtoto wake aliyetaka kushika grisi. Kwa hiyo Jumatano ile nililipeleka mwenyewe mjini, kwenye kituo cha serikali, siku tatu kabla stika haijaisha. Chisato alikuja kwa treni toka usiku wa jana yake ili ashuhudie kwa macho yake.

"Mbona umevaa suti, Baba?" akaniuliza tukiwa kwenye foleni.

"Naenda kukaguliwa."

"Linalokaguliwa ni gari."

"Na mwenye gari ni nani?"

Akatazama nje dirishani. Alikuwa amelala vibaya, nilimsikia akigeukageuka kwenye chumba chake cha zamani. Nataka ieleweke kwamba Chisato si mtoto mbaya. Ana miaka hamsini na minne, anakaa kwenye vyumba viwili mbali na huku, na kila simu ya usiku kutoka bondeni anaipokea akijua ni polisi wanampigia kuhusu mimi.

Mkaguzi alikuwa bwana mmoja wa makamo, kofia ngumu nyeupe, nyundo ndogo mkononi. Taa kubwa. Kushoto. Kulia. Breki. Honi. Waipa. Akagonga nati za magurudumu, ting, ting, ting, na kila mlio ulikuwa mzuri. Nilijisikia kama mwanafunzi anayejua majibu yote.

"Sasa zima injini, mzee. Halafu fungua ufunguo bila kupiga stati."

Nikafungua. Dashibodi ikajaa taa kama kawaida yake, oili, betri, breki, injini. Akaingiza kichwa dirishani. Akatazama muda mrefu.

"Tena, tafadhali."

Nikarudia.

"Mzee, taa ya mfuko wa hewa, airbag, haiwaki."

"Naam, haiwaki. Haijawahi kuwaka. Gari hili halijawahi kuwasha taa yoyote ya onyo tangu nilinunue."

"Inatakiwa iwake kwanza, halafu izime."

"Kwa hiyo unalikataa gari langu kwa sababu haliumwi?"

Nyuma yetu kwenye foleni kuna mtu alicheka. Mkaguzi hakucheka. "Isipowaka kabisa, hatuwezi kujua kama linaumwa au haliumwi. Pengine ni balbu tu. Leo una nafasi mbili zaidi za kurudi kwenye mstari. Samahani sana kwa usumbufu." Akainama. Huku kwetu hata anayekumaliza anakuinamia kwanza.

Ng'ambo ya barabara, mbele ya kituo, zimejipanga gereji ndogo ndogo zinazoishi kwa watu waliokataliwa. Niliingia ya kwanza. Mwenyewe alikuwa mwanamke, Bi Wakui, nywele fupi za mvi, mikono mikubwa kunizidi.

"Balbu?" akasema. "Dakika ishirini, mzee. Kunywa kahawa pale kwenye mashine."

"Sinywi kahawa ya mashine."

"Basi simama hapo uniangalie. Wengi ndivyo wanavyofanya."

Alifungua skrubu, akavuta kava la dashibodi, akalitoa kwa utaratibu. Alikuwa anapiga mluzi. Kisha mluzi ukakatika.

"Mzee, gari hili nani alikuwa anakutengenezea?"

"Sawaguchi. Fundi bora kuliko wote bondeni kwetu."

"Fundi kweli," akasema taratibu. "Kazi safi." Akachukua kibano, akachomoa kitu kidogo cheusi, akaniwekea kiganjani. Kilikuwa kipande cha tepu, ukubwa wa ukucha, pembe zake zimekatwa mviringo ili zisibanduke. "Hii haikujibandika yenyewe."

Akarudisha kava, akafungua ufunguo. Taa nyekundu ikawaka, ile yenye picha ya mtu aliyeketi na mpira mbele ya kifua chake. Akapiga stati. Taa nyingine zikazima moja baada ya nyingine. Hiyo ikabaki.

Tulisimama watu watatu tukiitazama.

"Waya wa ndani ya usukani umekatika," Bi Wakui akasema. "Mfuko hautafumuka. Na gari la umri huu vipuri vyake havitengenezwi tena." Hata hivyo akapiga simu sehemu tatu wanakouza vya magari yaliyovunjwa. Mara tatu nikamsikia akisema, "Ah. Sawa. Asante." Mara ya tatu alitoka nje kuisema.

Chisato akamuuliza, "Na angegonga?"

"Usukani ungemkuta kifuani, dada."

"Tangu lini iko hivi?"

"Kwa gundi ilivyokauka hivi, miaka mitano. Au sita."

Binti yangu akafunika uso kwa mikono. "Miaka sita, Baba. Miaka sita umempakia Mama humu, theluji hii, mlima huu."

Nilichukua simu yake nikampigia Sawaguchi. Nyuma yake kulikuwa na televisheni, watu wakishangilia mieleka.

"Sawaguchi. Nimekuta tepu yako."

Televisheni ikanyamaza.

"Naam," akasema.

"Naam nini?"

"Samahani sana, kaka Toyozo."

"Umenidanganya mara ngapi?"

"Kaguzi tatu. Mara tatu. Nazijua, usidhani sizijui."

"Kwa nini?"

"Niliombwa."

"Na nani, shetani?"

Alivuta pumzi. "Mama Chisato."

Nikamwambia arudie. Akarudia, kisha akaendelea kwa haraka, kama mtu aliyeshikilia mzigo muda mrefu na sasa anautua tu popote. "Alikuja na gari mwenyewe, Oktoba ya mwaka ule, ametoka hospitali ya mkoa. Taa ilikuwa imemwakia njiani. Nikamwambia aniachie nitafute kipuri, mwezi mmoja hivi. Akasema hapana, ukikaa mwezi bila gari utauliza. Akasema niizibe tu, na wewe usijue kamwe. Aliinama, kaka, mpaka paji la uso likagusa boneti. Mke wa mtu, mtu mzima yule. Sikumuuliza sababu. Ningemuulizaje?"

Ningemuulizaje. Hivyo ndivyo tulivyo bondeni. Mtu akija kukuomba jambo la ajabu, tunaona ni ustaarabu kutomuuliza, na ustaarabu huo tunauchunga mpaka utuue. Nilikumbuka jinsi Sawaguchi alivyoinama kila aliponirudishia gari, chini kuliko ilivyohitajika. Nilidhani ni heshima yangu. Nilimwongezea matufaha.

Nikakata simu bila kuaga. Hospitali ya mkoa, Oktoba. Siku ile Fumie aliniambia anakwenda kupimwa miwani. Habari ya ugonjwa wa kichwa chake alinipa majira ya kuchipua yaliyofuata, baada ya kusahau sufuria jikoni mpaka ukuta ukaungua. Kwa hiyo alijua mapema, akanificha, na siku ile ile akanificha na taa. Nilimkasirikia. Ndiyo, mgonjwa asiyejua hata jina lake, nilimkasirikia pale kwenye gereji ya watu mpaka masikio yakawaka moto. Nilidhani labda aligonga kitu akaona haya. Nilidhani alinifanya mjinga tu, kwa vile mjinga huwa anapiga kelele sana kwenye harusi.

Chisato hakuitoa ile karatasi ya kalenda mkobani. Sikutaka aitoe. "Jumatatu nitarudi," akasema. "Twende polisi pamoja."

"Stika inaisha Jumamosi. Ijumaa bado ni yangu."

Akaitazama ile taa. Nilijua anachofikiri, na alikuwa na haki ya kukifikiri. "Ijumaa ya mwisho," akasema. "Polepole, Baba. Nakuomba."

Bi Wakui alikataa kupokea chochote. Aliniinamia, akasema, "Pole, mzee," tu. Ile tepu nilikuwa bado nimeifumbata. Niliitia mfuko wa suti.

Alhamisi asubuhi Chisato alipanda treni. Ijumaa nikavaa suti ile ile, nikavuka mlima peke yangu. Kileleni theluji ya kwanza ilikuwa imeshika kando ya barabara. Kilomita zote thelathini na nane ile taa ilinitazama, na mimi nikaitukana kwa matusi ya madereva wa magogo, matusi ambayo sikuwa nimeyatumia tangu nistaafu. Nilipochoka kutukana nikafanya mazoezi ya kusema. Fumie, Jumanne sitakuja. Mama Chisato, Jumanne sitakuja, wala Ijumaa. Kila nilivyoipanga, ilikuwa ni sentensi ya mtu anayemuua mtu mwingine.

Sugae alimleta kwenye kiti cha magurudumu, blanketi mpaka shingoni. Wiki hiyo alikuwa amepungua tena. Mifupa ya mikono niliihisi kupitia sweta mbili. "Jana alikula vijiko vitatu," Sugae akaninong'oneza. "Leo mlishe vizuri, babu." Nikamnyanyua, nikamweka kiti chake cha kushoto, nikamfunga mkanda kwa sababu bila mkanda anahangaika. Nikazunguka, nikakaa kwenye usukani, nikapiga stati ili hita ifanye kazi. Nikaweka kibao magotini nikaanza kukwaruza tufaha.

Nilikuwa nangoja afungue kinywa. Hakufungua. Alikuwa anatazama dashibodi.

"Fundi," akasema.

Sauti ilikuwa ya zamani, sauti ya jikoni, iliyonyooka. Sikuwa nimeisikia kwa miaka miwili. Mkono wangu ukasimama.

"Fundi Sawaguchi, mbona umeibandua?"

"Nini, mama?" nikasema.

"Ile taa. Tulikubaliana." Akageuka kunitazama usoni, na mimi mume wake wa miaka hamsini na minane sikuwemo machoni mwake hata kidogo. Alimwona fundi. Alikuwa na hofu, na bado alikuwa na adabu, akijitahidi asimlaumu fundi wa watu. "Samahani nakusumbua. Lakini Baba Chisato akiiona ataacha kuendesha. Ameshasema mbele za watu, na unamjua alivyo mbishi. Akisema amesema."

"Namjua," nikasema.

"Mimi nitapelekwa ng'ambo ya mlima. Daktari ameniambia leo jinsi itakavyokuwa. Nitawasahau wote." Akashika mkono wa suti yangu kwa vidole vyake vyote. "Asipoendesha, nani atakuja? Nikishamsahau, nitajuaje kumwita?"

Hita ilikuwa inavuma. Nje Sugae alitupungia mkono kutoka mlangoni, akaingia ndani. Nilitaka kumwambia ni mimi, Fumie, ni mimi mbishi mwenyewe, nimekuja kila Jumanne na kila Ijumaa miaka mitatu, sikukosa hata siku ya kimbunga, ulifaulu, mpango wako ulifaulu. Nilifungua kinywa mara mbili. Lakini mtu ambaye Fumie aliogopa asije akaiona ile taa ndiye mimi.

"Samahani, mama," nikasema. "Ni uzembe wangu. Naifunika sasa hivi."

Nikatafuta mfukoni, nikaipata ile tepu, nikaibandika juu ya kioo cha dashibodi. Gundi ilikuwa imekufa. Ikaanguka. Nikaibandika tena, ikaanguka tena. Basi nikaikandamiza juu ya taa kwa kidole gumba cha mkono wa kulia, nikakiacha hapo.

Fumie akainama mbele, akachungulia kwa makini, upande huu na upande huu.

"Haionekani," akasema.

"Haionekani."

"Basi Jumanne atakuja." Akaegemea kiti, akauachia mkono wangu, akafungua kinywa.

Nikamlisha kwa mkono wa kushoto mpaka tufaha likaisha. Wa kulia sikuweza kuuondoa pale.